Ruhusa ya Kurudi

Mama akichambua maharagwe hatazami mikono yake. Anaongea, anacheka, anamkemea ndugu yangu mdogo asisogelee jiko, na huku vidole vinatupa kando kila punje iliyotobolewa na dudu. Ukimwuliza anazijuaje bila kuangalia, anasema, "Zenyewe zinanishika." Alijifunzia kazini. Mama huchambua kahawa katika kiwanda kimoja kilicho mteremkoni chini ya mji wa Nyeri. Jina la kiwanda naliacha. Huko akina mama huketi kwenye meza ndefu, kahawa ikimwagwa mbele yao, nao wanatoa nyeusi, zilizovunjika na zenye matundu. Mahali pa Mama ni mwisho wa meza, karibu na dirisha, na amepapenda kwa sababu mwanga haumdanganyi.

Nasema mahali pake, lakini neno "pake" ndilo lililoleta maneno yote haya ninayoandika.

Mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema. Niko kidato cha pili, na mwalimu akiniuliza swali jibu huwa ninalo ila linasimama kooni mpaka msichana mwingine aliseme. Baba anasema nimezaliwa na kufuli mdomoni. Yeye ni muuza nyama katika bucha ya mjomba wake, na ni Mwislamu wa mjini kabisa: babu yake alifika na misafara, bibi yake alikuwa Mkikuyu, na katikati hapo wameingia watu wengine ambao hata yeye hawamalizi. Akiulizwa kabila, hujibu, "Mimi ni wa Nyeri." Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Cha Mama ni cha mlimani. Mama alitoka kwao shambani, akasilimu akaolewa, na mpaka leo anasema "kitabu yangu" na "kiti yako," na Baba anamrekebisha mara zote, na Mama mara zote anamjibu, "Lakini si umeketi?"

Pale kiwandani kuna aina mbili za akina mama. Kuna wenye mahali mezani, ambao asubuhi huingia moja kwa moja. Na kuna wale wanaokaa nje ya geti juu ya mawe, wakingoja nyapara atoke na kuonyesha kwa kidole: wewe, na wewe, na wewe pale wa shuka nyekundu. Wasioonyeshwa hurudi nyumbani. Mama alikaa kwenye mawe muda mrefu kabla sijaanza shule. Akapata mahali. Kisha akazaa ndugu yangu huyu mdogo, na aliporudi na mtoto mgongoni akakuta mtu mwingine ameketi dirishani, naye akarudishwa kwenye mawe aanze upya. Nakumbuka mvua ya wakati ule. Alikuwa akija nyumbani na leso imeloa, mtoto amelala ndani yake kama mkate, na hamwambii mtu kama ameingia au hakuingia. Tulijua kwa kutazama sufuria.

Sasa mwaka huu tumbo lake likaanza kuonekana tena. Hakuna aliyesema kitu nyumbani. Lakini Mama alianza kuvaa shuka kubwa kwenda kazini hata jua likiwaka, na mimi nilielewa kwamba anaficha mahali pake zaidi ya anavyoficha mtoto.

Hapo ndipo redio ilipotangaza kwamba kamati ndogo ya Bunge, ile inayoangalia uhusiano wa waajiri na wafanyakazi na haki za mtu aliye kazini, itazunguka miji ya mlimani kusikiliza watu, na Nyeri imo. Mtu wa chama cha wafanyakazi akaja getini akarudia kwa sauti. Nilisimuliwa na Mama jioni ile akimenya viazi.

"Ati kamati ndogo," alisema. "Wamama wakauliza, kwani sisi hatukustahili kubwa?"

"Ndogo ndiyo inayofanya kazi," Baba akasema. "Kubwa inakaa Nairobi inangoja kuletewa."

"Wanakuja kufanya nini haswa?"

"Kusikiliza. Wakishasikiliza wanaandika, wakishaandika wanapeleka Bungeni, na huko ndiko sheria zinakotoka."

Mama alimenya mpaka kiazi kikaisha ganda. Kisha akasema, "Basi mimi nitasema."

Baba aliweka kikombe chini. Siwezi kusema alikuwa mkali, Baba si mkali. Alikuwa na hofu. Alisema meneja atakuwepo, makarani watakuwepo, na nyapara ana macho. "Ukisema utafungiwa geti kabla hata hujazaa. Ukinyamaza, angalau una miezi yako iliyobaki."

"Na baada ya hiyo miezi?"

"Mungu yupo."

"Yuko, ndio. Lakini si yeye anaonyesha kidole pale getini."

Mama hakumaanisha kukufuru, na Baba alijua, kwa maana alicheka hata alipokuwa akisema astaghfirullah. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja. Kama ni lazima aseme, aseme Kiswahili cha watu. Na kila jioni baada ya sala alimsimamisha katikati ya chumba, yeye Baba akawa mwenyekiti juu ya kigoda, mimi na ndugu yangu tukawa umma.

"Sema: Mheshimiwa mwenyekiti, naomba fursa ya kuzungumza."

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba fulusa ya kuzungumza."

"Si fulusa! Fursa."

"Furusa."

"Fur-sa, mama watoto. Nafasi. Fursa maana yake ni nafasi."

"Kama ni nafasi si niseme nafasi?"

"Bunge si sokoni."

Ndugu yangu alilishika neno kabla ya Mama, akawa analiimba uani, fursa fursa fursa, akimfukuza nalo kuku.

Siku yenyewe ilikuwa ya Agosti yetu ya kawaida, ukungu umekaa juu ya mji na mlima hauonekani kana kwamba haujawahi kuwepo. Shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana Mama aliniambia nimsindikize. Ukumbi wa mji ulikuwa umejaa mapema. Watu wa mashamba ya chai, wapishi wa hoteli, madereva, mafundi wa mbao, na akina mama wa kahawa wameketi pamoja upande mmoja, kimya, wamebana leso. Kamati ilichelewa. Habari zikaja kwamba gari lao lilikuwa limeharibika Kenol, njiani kutoka Nairobi, na hapo ukumbi ukachangamka.

"Limeharibika Kenol? Huko kuna nyama choma. Hawajaharibikiwa, wanakura."

"Wanakula au wanapiga kura?" akauliza kijana mmoja dereva, na watu wakacheka, maana kwetu huku maneno hayo mawili yanatoka mdomoni kama moja.

"Yote mbili," akajibu mzee mmoja nyuma. "Si ndio kazi yao?"

Walipoingia hawakufanana na watu waliokula. Walikuwa watatu, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mmoja mnene, mmoja kijana wa kuandika, na mwenyekiti, mtu mrefu mwembamba aliyevaa sweta la kufuma ndani ya koti, kama ameonywa na mkewe juu ya baridi ya Nyeri. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mkubwa akikifanya. Pale mbele palikuwa na meza yao juu ya jukwaa, na kiti kimoja chini kwa ajili ya atakayehojiwa. Aliangalia, akasema, "Hapana, hivi tutaumizana shingo," akateremka, akasaidia kubeba meza yeye mwenyewe mpaka chini, ikawa wao na msemaji wanatazamana usawa. Nilianza kumpenda hapo, na nadhani si mimi tu. Niliona akina mama wa kahawa wakilegeza leso zao.

Aliyetangulia alikuwa mzee mlinzi wa usiku katika ghala la mji. Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee, ukimaliza kazi utapata kiinua mgongo?"

Mzee akafikiri. "Mheshimiwa, mgongo bado iko mzima. Haitaki kuinuliwa."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Yule mbunge mnene alifuta machozi. Mwenyekiti hakucheka. Alingoja kelele ziishe, akamsogelea mzee kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na babake, "Nimekosea mimi kuuliza, mzee. Kiinua mgongo ni shukrani ya mwisho wa kazi. Ule mgongo ulioinama miaka yote, mwajiri anakusaidia kuusimamisha ukienda nyumbani."

"Kumbe!" mzee akasema. "Basi andika mgongo inaniuma sana. Imeniuma tangu jana."

Hapo ndipo mwenyekiti alipocheka, na akamwambia kijana aandike.

Kisha akaitwa meneja wa kiwanda chetu. Alikuwa mtu safi, wa adabu, wala sitaki kumchora vibaya, kwa kuwa hakutukana mtu. Alieleza juu ya meza mpya na maji ya kunywa. Mbunge mnene akamwuliza juu ya akina mama wanaojifungua. Meneja akajibu bila kusita, "Kila mama anayekaribia kujifungua hupewa ruhusa, mheshimiwa. Hatujamnyima hata mmoja." Mbunge akaitikia kwa kichwa, kijana akaandika. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameangalia sakafu na midomo yake ilikuwa ikienda: fursa, fursa, fursa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mfanyakazi wa kiwanda kile anayetaka kuongeza. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Baba naye alikuwa nyuma karibu na ukuta, na aproni ya bucha chini ya koti, kwa sababu alikuwa ametoroka kazini dakika chache.

Mama akasimama. Aliposimama shuka likateleza, na tumbo likaonekana na ukumbi mzima, nyapara na meneja wakiwemo. Hakulirudisha. Alitembea mpaka kwenye kile kiti, akashika mgongo wa kiti badala ya kuketi, na akasema kwa sauti iliyoanza vizuri kabisa:

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba..."

Neno likakimbia. Niliona likimkimbia. Nyuma kule Baba alikuwa akilisema bila sauti, mdomo wake umekunjwa, fff. Mama akafunga macho akashika lile lililokuwa karibu.

"Naomba ruhusa."

Watu wakacheka kidogo. Mbunge mnene, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mcheshi, akasema, "Ruhusa ya kwenda wapi tena, mama? Si ndio kwanza umefika?"

Nilitamani sakafu ya mbao ifunguke. Lakini Mama alifungua macho, akamtazama yule mbunge kama anavyotazama muuza nyanya, na akajibu.

"Ya kwenda niko nayo. Hiyo walinipa. Ya kurudi ndio sina."

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa. Kijana aliyekuwa akiandika akainua kichwa. Mwenyekiti akaweka kalamu juu ya meza, polepole.

"Rudia, mama. Na uketi, tafadhali. Sema vile unasema nyumbani."

Mama akaketi. Na akasema vile anavyosema nyumbani, "mahali yangu" na "kiti yangu" na yote ambayo Baba huyapiga pasi. "Wakati nilikuwa na mimba ya huyu kijana wangu, karani aliniambia, mama, umepewa ruhusa, nenda uzae. Mimi nikafurahi! Nikasema, haiya, hawa ni watu wazuri. Nikaenda nikazaa. Nikarudi. Nikakuta mtu kwa kiti. Nikauliza, sasa? Wakaniambia, si tulikupatia ruhusa? Mimi sikujua hiyo ruhusa inaangalia upande moja tu. Huyu bwana meneja amesema ukweli, hajadanganya. Kila mama anapewa. Anapewa ya kwenda."

Akina mama wa kahawa walitoa ile sauti ya kifuani, mmm, wote kwa pamoja. Nilikuwa sijawahi kusikia ukumbi ukikubali hivyo.

Mwenyekiti alimgeukia meneja. "Bwana meneja, umesikia. Ruhusa ya kampuni yako ina kurudi ndani yake?"

"Mheshimiwa, hilo halijawekwa katika kanuni zetu. Tunalazimika kujaza nafasi, kahawa haingoji."

"Naelewa, kahawa haingoji. Na mtoto hangoji vilevile. Sikuulizi kanuni. Huyu mama akijifungua salama, akija getini, ataketi wapi?"

"Tutaangalia, mheshimiwa."

"Ataketi wapi?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu tena, kisha akakaa kimya, na akauacha ule ukimya ukae katikati yao kama mtu wa nne wa kamati. Meneja aliangalia kofia yake. Aliangalia ukumbi. Mwishowe akasema, "Ataketi mahali pake."

"Mahali pake," mwenyekiti akamwambia kijana. "Andika hivyo. Na maneno ya mama yaandike kama alivyoyasema. Usiyasafishe."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbunge mnene akaziba masikio huku anacheka. Na hapo, watu wote wakiwa juu, mwenyekiti alisema jambo ambalo kwangu mimi lilizidi yote. Aliinua mkono akasema, "Mama, nisikilize vizuri nisije nikakudanganya. Mimi si bosi wa kiwanda, na sheria siiandiki peke yangu. Hii ni kamati ndogo. Leo bwana meneja ameahidi kwa ajili yako. Kwa wenzako wote walioketi pale, sina ahadi mfukoni. Nina masikio na nina gari bovu. Lakini neno lako litafika." Watu wakubwa hupenda kuahidi, na tumezoea kupiga makofi. Huyu alipunguza makofi yake mwenyewe, kwa kusudi, mbele yetu.

Tulipotoka nje, Baba alikuwa akingoja chini ya ngazi.

"Nilikufunza fursa," alisema.

"Hiyo neno yako ilikataa kutoka."

"Wiki nzima!"

"Ni neno ya pwani. Imeogopa baridi."

Baba alijaribu kuonyesha amekasirika, ikamshinda. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamrudishia Mama shuka lake mabegani, taratibu, akimfunika tumbo. Hakumrekebisha neno hata moja njia nzima. Tangu siku hiyo, akitoka kwenda msikitini husimama mlangoni na kuuliza, "Mama watoto, na ya kurudi ninayo?" na Mama anajibu, "Inategemea utaleta nini."

Akazaa msichana. Sitasema mengi juu ya hilo, ila kwamba ana vidole virefu. Mama alipumzika, na sote tulijua swali bado liko pale getini. Ahadi ilitolewa mbele ya waheshimiwa, lakini waheshimiwa walikuwa wamekwenda zao, na nyapara alibaki. Majirani wengine walisema wazi, "Yule meneja ameshasahau." Mmoja anayeishi mtaa wa Skuta akasema amesikia kiti kina msichana mpya, mwepesi wa mikono, na kwamba nyapara anampenda.

Asubuhi ya kurudi ilikuwa Desemba, nami nilikuwa likizo tena. Mtoto nikambeba mimi, ili nimpelekee Mama adhuhuri amnyonyeshe. Mlima ulikuwa umejitokeza, mweupe kileleni. Akina mama wa mawe walikuwa wamejaa getini, na walipomwona Mama wakasogea kumpa nafasi juu ya jiwe. Jiwe moja likawa tupu. Mama alilitazama. Hakuketi.

Nyapara akatoka. Kidole chake kilikwenda wewe, na wewe, kikafika kwa Mama kikasita hewani.

"Wewe ndio ule wa ruhusa," alisema.

"Ndio mimi."

"Unajua kule dirishani kuna mtu?"

"Najua. Nimesikia."

Akakuna shingo. Akatazama kule ofisini, akanitazama mimi na mtoto, na uso wake haukuniambia kitu. "Uliniletea maneno, wewe mama. Meneja ananiuliza kila juma, yule amezaa? Amezaa? Kama mimi ndio mume." Akina mama wa mawe walicheka. Yeye akateremsha kidole. "Ingia. Huyo mwingine nimemwambia asogee. Meza ni ndefu."

Mama akaingia bila kuaga. Geti likafungwa, na mimi nikabaki nje na wale wasioonyeshwa, ambao sheria yao bado haijatoka Bungeni hadi ninapoandika haya. Redio tunaisikiliza. Mmoja wao, mwenye mimba changa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mamako alisemaje haswa, siku ile?" Na mimi, mwenye kufuli mdomoni, nilimwambia. Wengine wakasogea, nikarudia kwa sauti zaidi, na nikasema "kiti yangu" kama alivyosema yeye.

Kisha nikazunguka ukuta kwa upande wa mteremko, mahali ambapo dirisha la mwisho linaonekana. Nilisimama huko nikimpigapiga mtoto mgongoni. Kulikuwa na kichwa cha msichana pale, kikasogea. Halafu kitambaa cha kijani cha Mama kikaja kikakaa kwenye mwanga. Hakuinua macho kutafuta kama nipo. Alikuwa anaongea na mtu, anacheka, na mikono ilikuwa imeshaanza kukimbia.